Ng'ombe aliyelazwa na ukame anavyoweza kusimama tena

KILA ukame unapokaza katika Kaunti ya Garissa, kuna kazi ambayo wafugaji huifanya alfajiri kabla ya nyingine zote: kuwainua ng'ombe walioshindwa kusimama. Watu wanne au watano humzunguka mnyama, mmoja akashika shina la mkia, wengine nyonga na mabega, kisha wote huinua kwa pamoja. Akisimama, hushikiliwa hadi miguu iache kutetemeka.

Kazi hiyo ilifanywa katika ukame wa 2005 na 2006, wa 2011, na ule ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mgeni anayepita huenda akadhani watu hao wanahangaika na mzoga. La hasha. Hiyo ni tiba ya viungo, na msingi wake ni ule ule wa mazoezi anayopewa hospitalini mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu.

Njaa ndiyo humwangusha mnyama, lakini mara nyingi kinachomzuia kuinuka ni kule kulala kwenyewe. Ng'ombe mzima wa aina ya Boran huweza kupita kilo 300. Hata akikonda, uzito wake ukilalia paja moja juu ya ardhi ngumu, damu haifiki vyema kwenye misuli. Baada ya saa kadhaa misuli huvimba na kubana mishipa ya fahamu, na mguu hufa ganzi. Ndipo mfugaji hustaajabu kuona mnyama amekunywa, amekula, macho yamechangamka, na bado hasimami.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumketisha juu ya kidari, miguu ikiwa chini yake, na kumwegemeza kwa magunia ya mchanga. Ng'ombe aliyelala ubavu hashindwi kusimama tu. Hushindwa pia kutoa gesi tumboni, na huweza kufa kwa kuvimbiwa. Kitanda chake kiwe mchanga laini, kivulini. Kila baada ya saa tatu au nne ageuzwe upande wa pili, miguu ikunjwe na kunyooshwa polepole, na mapaja yachuliwe kwa viganja.

Kuinua nako kuna namna yake. Ng'ombe huinuka kwa kuanza na sehemu ya nyuma, hivyo msaada mkubwa uelekezwe nyongani. Wanaovuta mkia peke yake humtegua mnyama uti. Watu wakiwa wachache, magunia imara yaliyoshonwa pamoja hupitishwa chini ya tumbo na kushikwa pande mbili kwa miti. Asiachwe akining'inia, kwani kifua kikibanwa pumzi huwa shida. Dakika chache za kusimama, mara kadhaa kwa siku, zinatosha mwanzoni. Akikanyagia kifundo badala ya kwato, mshipa wa fahamu umeumia. Kifundo hufungwa kwa kitambaa na vijiti ili kisichubuke anapojifunza kutembea upya.

Ngamia ana nafuu kidogo. Maumbile yamempa sugu nene kidarini na magotini, naye hupumzika akiwa amepiga magoti, kwa hiyo uzito haumlemei upande mmoja. Ngamia anayejilaza ubavu na kukataa kurudi magotini yu katika hali mbaya.

Chakula kisitolewe kwa pupa. Mahindi mengi kwa ghafla huchachuka tumboni na kumuua mnyama aliyekwisha kuponea njaa. Nyasi kidogo kidogo na maji ni bora. Tena, ajabu ni kwamba mvua inayongojewa kwa dua huwamaliza wengi, kwa kuwa mwili usio na mafuta hauhimili baridi ya usiku wa kwanza, na tope huwanasa.

Swali gumu kwa mfugaji ni lini akate tamaa. Mnyama aliyevunjika paja, au aliyelala siku kadhaa bila kujaribu kuinuka wala kula, nafasi yake ni ndogo mno. Familia nyingi za Waislamu huona afadhali achinjwe mapema kuliko kuwa nyamafu.

Hata hivyo, si kila anayelala amelazwa na njaa. Mwishoni mwa 2006, baada ya mafuriko, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na kusambaa, na watu zaidi ya 150 walifariki nchini, baadhi yao wakiwa wamechinja au kushika mifugo wagonjwa. Mnyama mwenye homa, anayetokwa na damu au aliyeharibu mimba, haguswi wala hachinjwi kabla daktari wa mifugo hajamwona.