Nunua barakoa, kodi mtungi: vifaa vya kuzamia kwa anayekwenda kujitolea kwenye matumbawe

Tuseme umekubaliwa kwenda Mafia wiki tatu, kujitolea kuhesabu samaki na matumbawe pamoja na watafiti. Cheti cha uzamiaji unacho (kuzamia majini, siyo kule kuzamia meli), nauli umeipata, na barua ya maelekezo inasema njoo na vifaa vyako binafsi. Unafungua duka la mtandaoni, unaona bei ya rigeleta na jaketi la kuelea, unazima simu.

Subiri kwanza. Vifaa vingi kwenye orodha ile huna haja ya kuvinunua. Vya kununua ni vile vinavyogusa uso wako na kile kinachohesabu muda wako chini ya maji. Vingine kodi, ila vichague kwa swali moja: je, kitanisaidia nitulie majini bila kugusa chochote? Nasema hivyo kwa sababu Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambayo mwaka 1995 ilikuwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, ina matumbawe mengi kwenye kina kifupi, hapo hapo utakapokuwa unafanya kazi. Tumbawe la duara hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Ukiliona lina kimo cha ndoo ya lita 20, jua lina miaka zaidi ya 30. Yale ya matawi hukua haraka zaidi, lakini teke moja la pezi linatosha kuyavunja. Itakuwa ajabu aliyekuja kuyahesabu ndiye ayapunguze.

Tuanze na barakoa, yaani ile miwani ya kuzamia inayofunika macho na pua. Kufunika pua siyo urembo. Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na hewa iliyo ndani ya miwani inataka kusinyaa ibaki nusu. Unapopuliza kidogo kwa pua unaijazia. Miwani ya kuogelea haina nafasi ya pua, kwa hiyo huna njia ya kuijazia, na inachovuta badala yake ni macho yako na mishipa midogo ya damu inayoyazunguka. Hiyo iache nyumbani.

Kuijaribu dukani ni rahisi. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha ondoa mkono. Ikikaa bila kuanguka inakufaa, hata kama ni ya bei ya chini. Ikiachia, isikushawishi kwa rangi yake. Angalia kioo kiwe na alama ya kuonyesha kimeimarishwa, na kingo ziwe za silikoni laini. Kama umesuka, tafuta mkanda wa kitambaa badala ya mpira, maana mpira unang'oa nywele vibaya. Kama unavaa hijabu, kofia nyembamba ya laikra inafanya kazi vizuri, mradi ukingo wake usipite chini ya silikoni. Uzi mmoja tu ukipita hapo, maji yataingia mbizi nzima. Wenye ndevu na masharubu nao wanalijua tatizo hili. Na kama unavaa miwani ya macho, uliza barakoa yenye lenzi za kuona mbali au karibu. Huwezi kuhesabu samaki usiowaona.

Hapo hapo kwenye barakoa kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, nalo linagusa kazi yenyewe. Mwanga unapotoka majini kuingia kwenye hewa iliyo mbele ya macho yako unapinda, na kila kitu kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja. Chewa wa sentimita 30 utamwona kama wa 40. Unaweza kusema ni sentimita 10 tu, kuna shida gani? Shida ni kwamba watafiti hutumia urefu kukadiria uzito, na uzito wa samaki hupanda takriban kwa urefu uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Kosa la theluthi kwenye urefu linageuka zaidi ya mara mbili kwenye uzito. Mwamba uliovuliwa sana unaweza kuonekana kwenye takwimu kama una samaki tele, na uamuzi wa wapi wavuvi waruhusiwe kuvua ukafanywa juu ya samaki wasiokuwepo. Ndiyo maana kambi nzuri humfanyia mgeni mazoezi ya kukadiria vipande vya bomba au samaki wa mbao ambao urefu wao unajulikana. Wewe nunua ubao mweupe wa plastiki wa kuandikia, uuchoree sentimita pembeni kwa wino usiofutika, na ufunge penseli ya kawaida kwa uzi. Kalamu ya wino majini ni mapambo. Penseli inaandika vizuri kabisa, na ukimaliza unafuta kwa dawa ya meno au sabuni ya unga.

Sasa tuje kwenye utulivu wenyewe, na hapa kifaa muhimu kuliko vyote ni kile ambacho hakuna anayekipiga picha: risasi, vile vipande vya kiunoni vinavyokusaidia kuzama. Wageni wengi hubeba nyingi mno, kwa sababu mwanzoni mwa mbizi wanapata tabu kushuka na kuongeza kilo mbili ndiyo dawa ya haraka. Fuatilia kinachotokea baadaye. Tuseme una kilo 3 za ziada. Ili usizame nazo, inabidi utie lita 3 hivi za hewa kwenye jaketi. Ukiwa mita 10 hewa hiyo ni lita 3. Ukipanda hadi mita 5 inavimba kuwa lita 4. Hujagusa kitu, lakini umepata nguvu ya kama kilo moja inayokuvuta juu. Unatoa hewa, unazama, unaongeza tena, unapanda. Isitoshe, jaketi linavuta kifua juu na risasi inavuta kiuno chini, kwa hiyo mwili unasimama wima na miguu inaning'inia juu ya matumbawe. Kila ukipiga mapezi unavunja au unatimua mchanga, na tumbawe lililofunikwa na mchanga hulazimika kutumia nguvu zake kujisafisha kwa ute badala ya kula.

Kipimo sahihi hufanywa mtungi ukiwa karibu kuisha, siyo ukiwa umejaa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una hewa ya lita 2,400, na hewa hiyo ina uzito wa karibu kilo 3. Mwisho wa mbizi nyingi ya kilo hizo umeshaipumua. Kwa hiyo ukibakiwa na bar 50, simama mita 5 chini ya maji, jaketi likiwa tupu, upumue taratibu. Ukiweza kubaki hapo bila kupanda wala kuzama, risasi zako ndizo hizo. Andika idadi yake kwenye ubao wako pamoja na suti uliyovaa, kwa sababu suti ya mpira ina vipovu vya gesi na inaelea. Ukibadilisha suti, hesabu inaanza upya.

Kuhusu suti, bahari ya pwani yetu huwa na nyuzi 25 hivi wakati wa kusi, Julai na Agosti, na hukaribia 30 mwisho wa kaskazi. Nyuzi 25 hewani ni joto la kupendeza. Majini siyo hivyo, kwani maji yananyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa, na anayefanya utafiti hatembei sana, anaelea juu ya utepe wa kupimia karibu saa nzima. Suti ya milimita 3 inatosha kwa wengi. Wakati wa kaskazi hata nguo nyembamba ya mikono mirefu inafaa, nayo inakupunguzia krimu za jua ambazo nyingine zina kemikali zinazoshukiwa kudhuru matumbawe. Glavu usinunue. Hifadhi nyingi haziziruhusu, na sababu ni ya kibinadamu tu: mwenye glavu hushika.

Mapezi yawe mafupi na magumu kiasi. Yale marefu ya wanaozamia bila mtungi ni mazuri sana kwenye kina kirefu, lakini juu ya mwamba ni fagio.

Kifaa kimoja cha bei ambacho ningekishauri ununue, hata ikibidi kilichotumika, ni kompyuta ya kuzamia. Inavaliwa mkononi kama saa na inahesabu kina, muda na naitrojeni iliyoingia mwilini. Usikubali kutumia moja wawili: mwenzako akiwa mita 2 chini yako, hesabu yake siyo yako. Mtu anayejitolea huzamia mara mbili kwa siku, siku tano mfululizo, na naitrojeni ya jana haijaisha yote leo asubuhi. Hili linagusa hata tiketi ya kurudi. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi za siku kadhaa. Ndege ya Mafia kwenda Dar es Salaam ni ndogo na safari ni kama nusu saa, lakini inapanda angani kama nyingine, na hewa ya juu ni nyepesi vile vile. Kama ratiba inabana, boti ya Nyamisati haina tatizo hilo.

Mtungi, risasi, jaketi na rigeleta kodi huko huko. Ndege ndogo hazikubali mizigo mizito hata hivyo. Ila usipokee tu na kushukuru. Fungua mtungi, pumua kwa nguvu mara nne tano kwenye rigeleta huku ukiangalia mshale wa geji: ukiyumba kila ukivuta, valvu haijafunguka yote au kuna kilichoziba. Nusa hewa. Ikinuka mafuta au moshi wa injini, rudisha, hata kama boti inakusubiri. Jaza jaketi likaze, liache dakika tano uone kama linasinyaa. Mipira inayoning'inia ibane kifuani kwa klipu, maana geji inayoburutwa inakwaruza matumbawe.

Mwisho ongeza boya la rangi ya chungwa la kujaza hewa, pamoja na uzi wake. Wakati wa bamvua, maji kujaa na kupwa Mafia hutofautiana kwa zaidi ya mita 3, na maji mengi ya Ghuba ya Chole hupita kwenye mlango wa Kinasi. Ukiibuka mbali na boti, kichwa chako kwenye mawimbi ya kusi ni nazi tu. Kabla hujalipa chochote, waandikie kambi maswali matatu: mitungi yao ina valvu ya aina gani, chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo iliyo karibu iko wapi na mgonjwa anafikishwaje huko, na je, siku ya kwanza utapewa mbizi ya kupima risasi kabla ya kukabidhiwa ubao? Wakisita kwenye hilo la pili, tafuta kambi nyingine.