KAMERA YA MTUMBA: TUTAZAME NINI KABLA YA KUTOA PESA?

Mwaka huu chama chetu kina jambo zito mezani. Wanachama 41 tumechanga shilingi 20 kila wiki kwa wiki 39. Piga hesabu mwenyewe: ni shilingi 31,980. Pesa hizi ni za kununua kamera moja ya jarida hili, ya tamasha za drama na ya safari zetu. Si pesa za kuokota. Kuna wenzetu wanaotembea kwa miguu kutoka Kaptembwa na Free Area, jua kali, mvua kali, ili nauli iingie kwenye kopo la chama. Kamera ikifa mwezi wa pili, hakuna kopo lingine. Kwa hivyo mwenyekiti ameniomba niwaeleze yale niliyojifunza kwa kuuliza mafundi wa mjini na kusoma, kabla hatujapiga kura.

Kuna waliouliza, mbona tusitumie simu? Jibu ni fupi: simu haziruhusiwi shuleni, na mwalimu wa zamu hana mchezo.

Kamera tunayotafuta ni ile ndogo isiyo na kioo. Zile kubwa za zamani, kama unazoziona shingoni mwa wapiga picha wa Nyayo Gardens, zina kioo ndani kinachopeleka mwanga juu kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibonyeza, kioo huruka, mwanga ukapiga sensa, yaani kile kipande kilichochukua mahali pa filamu. Mnamo 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, na ndani yake kioo hakikuwepo kabisa. Kamera ikawa nyembamba, nyepesi. Lakini kila kizuri kina ila yake. Ukitoa lenzi ya kamera hizi, sensa iko pale pale mbele, haina pa kujificha. Nasi tunaishi wapi? Jina Nakuru lenyewe husemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi! Hivyo kamera iliyotumika mitaa ya kwetu lazima ipimwe vumbi kabla ya jambo lingine lolote, na njia nitaieleza.

Kwa pesa zetu, nimeona tatu za kulinganisha: Sony a6000 ya 2014, Canon EOS M50 ya 2018, na Olympus OM-D E-M10 Mark II ya 2015.

Tuanze na sensa. Sony na Canon zina sensa kubwa kidogo, megapikseli 24. Ile ya Olympus ni ndogo zaidi, megapikseli 16. Usidanganywe na hizo megapikseli, maana 16 zinatosha kabisa kuchapisha ukurasa mzima wa jarida. Ukubwa wa sensa ndio wenye maneno. Katika ukumbi wenye giza, kama siku ya drama, sensa kubwa hushika mwanga mwingi na picha haijai chengachenga. Nje mchana, sensa ndogo ina faida yake: lenzi ya Olympus ya milimita 150 huvuta sawa na ya milimita 300 kwenye kamera ya filamu. Tukienda Bogoria kuona heroe (wengi walihamia huko baada ya maji ya Ziwa Nakuru kupanda), ndege walio mbali watakuja karibu. Isitoshe, Olympus ina mtambo ndani ya mwili wake unaotuliza mtikisiko wa mkono. Sony a6000 na M50 hazina mtambo huo, hutegemea lenzi.

Canon M50 ina uzuri wake: skrini inageuka upande na inaguswa kama simu, na ina tundu la maikrofoni. Wale wa ngonjera na mashairi wataipenda kwa sababu hiyo. Sony a6000 haina tundu hilo wala skrini ya kugusa, ila ina mbio. Hupiga picha 11 kwa sekunde moja, jambo zuri siku ya michezo.

Sasa sikiliza sana hapa, kwa maana wengi huangalia mwili wa kamera wakasahau lenzi. Lenzi ndizo mali. Mdomo wa Sony ulianza 2010 na kamera mpya za Sony bado zinautumia, basi lenzi utakayonunua leo itafaa kesho. Mdomo wa Olympus unatumika pia na Panasonic, kwa hivyo lenzi zake ni nyingi. Lakini ule wa M50 ulioanza 2012, Canon yenyewe imeuacha na kuhamia kamera za R. Lenzi zake haziingii kwenye hizo mpya. Ndiyo sababu M50 huweza kuonekana rahisi. Kwa maoni yangu, hiyo si bei rahisi, ni njia isiyotokea.

Betri nazo? Kwa hesabu za watengenezaji, M50 hupiga picha kama 235 kwa chaji moja, Olympus 320, na Sony 310 hadi 360. Hizo ni za betri mpya. Ya mtumba itazame tumbo: ikiwa imevimba, iache.

Tukifika kwa muuzaji, twende wawili, mchana, na tubebe kadi yetu ya memori na karatasi nyeupe. Funga tundu la lenzi hadi f/16 au zaidi, piga picha ya karatasi, kisha ivute kwenye skrini. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa. Lenzi imulikwe kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu, na huo hauna dawa ya bei nafuu. Lenzi ndogo ya Sony ya 16-50 hujifungua yenyewe kwa mota. Iwashe na kuizima mara kumi huku ukisikiliza. Ikikwama au kulia, sema ahsante na uondoke.

Kuna jambo lingine ambalo mabroka hawakuambii. Kamera nyingi za Sony zilizouzwa Japani huandika Kijapani tu, na hakuna mahali pa kubadilisha. Iwashe uone lugha kwanza! M50 ya Japani huitwa Kiss M, lakini hiyo Kiingereza inacho.

Mwisho ni risiti. Nambari iliyochongwa chini ya kamera iandikwe kwenye risiti pamoja na jina na kitambulisho cha muuzaji. Akikataa, jua kuna jambo. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na polisi hawataki kujua kama wewe ni wa Kidato cha Tatu.

Kura yangu naipeleka kwa Sony a6000, kwa sababu ya ukumbi wenye giza na lenzi zenye maisha. Tukiikosa safi, Olympus. Ila tusimalize zote 31,980 kwa mwili na lenzi: tubakishe za betri ya pili, kadi, na mfuko wa kuzuia vumbi. Kura ni Ijumaa baada ya masomo, chumba cha 3B.