Kupooza kwa miguu ya nyuma kwa sungura

Kupooza kwa miguu ya nyuma kwa sungura ni hali ambapo sungura wa kufugwa (Oryctolagus cuniculus) hupoteza nguvu au hisia katika miguu yake ya nyuma, kwa kiasi fulani au kabisa. Hali hii si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya matatizo mbalimbali yanayoweza kuanzia kwenye mifupa, viungo, misuli, ubongo au mishipa ya fahamu.

Mara nyingi si miguu yenyewe inayomwua sungura aliyepooza. Hatari kubwa zaidi hutokana na mkojo unaounguza ngozi, kinyesi kinachoganda kwenye manyoya, nzi wanaotaga mayai humo, vidonda, na tumbo linaloacha kufanya kazi. Hayo yote yanaweza kuzuiwa au kupunguzwa kwa matunzo ya kila siku, na kwa hiyo baadhi ya sungura waliopooza huishi muda mrefu wakiwa na hamu ya kula na kucheza.

Maumbile yanayohusika

Sungura huruka kwa kutumia misuli mikubwa ya mapaja na kiuno, lakini mifupa yake ni myepesi sana. Mifupa yote pamoja ina takriban asilimia 7 hadi 8 ya uzito wa mwili, ilhali kwa paka ni takriban asilimia 12 hadi 13. Sungura akishtuka na kurusha miguu kwa nguvu huku ameshikwa vibaya, anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mara nyingi huvunjika sehemu ya chini ya kiuno, hasa kwenye pingili ya 6 au ya 7 ya kiuno.

Miguu ya nyuma humsaidia pia katika mambo mengine. Sungura mzima huinua makalio anapokojoa ili asijilowanishe. Vilevile hujikunja na kula moja kwa moja kutoka mkunduni kinyesi laini chenye protini na vitamini, ambacho ni tofauti na vile vidonge vigumu vinavyoonekana bandani. Sungura aliyepooza hushindwa kufanya yote mawili.

Visababishi

Majeraha. Kuanguka, kukanyagwa, kushtushwa na mbwa au kubebwa bila kushikiliwa makalio kunaweza kuvunja au kutegua uti wa mgongo. Kupooza kwa aina hii huja ghafla.

Maambukizi ya Encephalitozoon cuniculi. Hiki ni kimelea kidogo sana cha kundi la mikrosporidia, ambalo leo huhesabiwa kuwa na undugu na kuvu. Kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 katika sungura wachanga waliokuwa na ugonjwa wa kupooza. Huenea hasa kwa sporo zinazotoka katika mkojo, na huweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto walio tumboni. Hushambulia ubongo, figo na macho. Sungura wengi huambukizwa bila kuonyesha dalili yoyote.

Uzee. Viungo vya nyonga na magoti huchakaa, na mifupa ya uti wa mgongo huota vinundu vinavyopunguza unyumbufu. Udhaifu huja polepole, mara nyingi pamoja na maumivu.

Miguu kutanuka. Baadhi ya watoto wa sungura hushindwa kuvuta miguu chini ya mwili, na miguu hubaki imeenda pembeni. Sababu inaweza kuwa ya kurithi au kukulia kwenye sakafu inayoteleza.

Sababu nyingine ni uvimbe au usaha unaobana mishipa ya fahamu, sumu ya madini ya risasi kutoka kwenye rangi za zamani, na upungufu wa potasiamu mwilini. Vidonda vya nyayo pia humfanya sungura akatae kutembea, ingawa hajapooza.

Dalili

Dalili za mwanzo ni rahisi kupuuzwa: sungura huacha kuruka juu ya vitu, huteleza, hukokota mguu mmoja au huchakaza kucha upande mmoja. Manyoya ya makalio yanayolowana kila mara, au kinyesi laini kinachoganda chini ya mkia, huenda vikaonekana kabla ya kilema chenyewe. Kichwa kilichoinama upande mmoja, macho yanayochezacheza au ukungu ndani ya jicho huelekeza zaidi kwenye maambukizi ya E. cuniculi.

Huduma ya kwanza

Kupooza kwa ghafla ni dharura. Sungura asilazimishwe kutembea, asivutwe miguu na asilazwe chali. Huinuliwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa umenyooka. Kisha huwekwa kwenye boksi dogo lenye taulo na kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Dawa za maumivu za binadamu hazipaswi kutolewa kwa kukisia. Antibiotiki za jamii ya penisilini, kama amoksilini, zikitolewa kwa mdomo huvuruga bakteria wa tumbo la sungura na zinaweza kumwua.

Uchunguzi na tiba

Daktari huangalia mwendo, huminya vidole vya miguu ili kujua kama hisia ipo, na hupiga picha za eksirei. Sungura asiyehisi maumivu makali kabisa katika miguu yote miwili baada ya kuvunjika mgongo ana matumaini madogo ya kupona. Kipimo cha damu huonyesha kama sungura amewahi kukutana na E. cuniculi, lakini peke yake hakithibitishi kwamba ndiyo sababu ya kupooza.

Tiba hufuata chanzo. Kwa maambukizi ya E. cuniculi hutumika fenbendazoli, kwa kawaida miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku 28. Dawa hiyo hupatikana Afrika Mashariki kama dawa ya minyoo ya ng'ombe na mbuzi, lakini nguvu ya michanganyiko hutofautiana, hivyo kipimo lazima kikokotolewe na daktari. Maumivu ya viungo hutibiwa kwa dawa kama meloksikamu. Jeraha la uti wa mgongo huhitaji kupumzishwa katika kizimba kidogo kwa wiki kadhaa. Sungura aliyepewa dawa hafai kuchinjwa kwa ajili ya nyama mpaka upite muda uliotajwa na daktari.

Matunzo ya kila siku

Makazi. Sakafu ya waya haifai. Sungura huhitaji sakafu tambarare isiyoteleza, yenye matandiko laini yanayopitisha unyevu chini, kama blanketi la manyoya bandia juu ya magazeti. Chakula na maji huwekwa chini, karibu naye. Bakuli zito ni bora kuliko chupa ya kuning'iniza, kwa kuwa halimlazimu kunyanyuka. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia. Banda liwe na kivuli na hewa, maana sungura huathirika haraka na joto linapozidi nyuzi 30 za selisiasi.

Usafi. Makalio hukaguliwa angalau mara mbili kwa siku. Sehemu iliyochafuka tu ndiyo huoshwa kwa maji ya vuguvugu, kisha hukaushwa kabisa. Kumtumbukiza sungura mzima ndani ya maji humtia hofu kubwa na kumpoza mwili. Manyoya ya sehemu hiyo yapunguzwe kwa mashine badala ya mkasi, kwa kuwa ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika kwa urahisi. Mayai ya nzi yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na funza huanza kula nyama hai. Akionekana hata funza mmoja, sungura apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa za viroboto zenye fipronili, ambazo hutumika kwa mbwa, ni sumu kwa sungura.

Kibofu. Baadhi ya sungura waliopooza hawawezi kukojoa wenyewe. Mfugaji hufundishwa na daktari namna ya kuminya kibofu taratibu, mara kadhaa kwa siku. Kuminya kwa nguvu kunaweza kukipasua. Mkojo mweupe kama maziwa ni wa kawaida kwa sungura, kwa sababu kalisi ya ziada hutoka kwa njia hiyo. Lakini sungura asiyetembea hukusanya mashapo mazito kibofuni, hivyo anywe maji mengi na asipewe lusini kwa wingi.

Chakula. Nyasi kavu ndizo msingi wa mlo. Huongezwa majani mabichi yaliyooshwa, kama giligilani au majani ya viazi vitamu, ambayo pia humwongezea maji. Kinyesi laini ambacho hawezi kukifikia kinaweza kuokotwa na kuwekwa mbele ya mdomo wake. Sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa saa 12 yuko hatarini, kwa kuwa tumbo lake huenda limesimama.

Mazoezi na wenzake. Miguu hukunjwa na kunyooshwa taratibu kila siku ili viungo visikakamae, daktari akisharuhusu. Sungura mwenye miguu ya mbele yenye nguvu anaweza kutumia kigari cha magurudumu mawili kwa vipindi vifupi chini ya uangalizi. Sungura ni mnyama wa kuishi na wenzake. Mwenzi mpole humsafisha uso na masikio na kumwondolea upweke, lakini mwenzi mkorofi atenganishwe.

Usalama wa binadamu

E. cuniculi huweza kuambukiza watu, hasa wenye kinga dhaifu, wakiwamo wanaoishi na virusi vya UKIMWI bila kupata tiba. Inashauriwa kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumhudumia sungura, na kusafisha kizimba kwa maji yanayochemka au dawa ya klorini.

Uamuzi wa mwisho

Si kila sungura aliyepooza anafaa kuendelea kutunzwa. Anayekula vizuri, kujisafisha uso, kufuatilia yanayomzunguka na kumsogelea mtu bado anaishi maisha yenye thamani. Anayekataa chakula, anayesaga meno kwa nguvu kwa sababu ya maumivu, au mwenye vidonda visivyopona, anateseka. Hapo daktari anaweza kushauri kumaliza uhai wake bila maumivu. Uwezo wa mfugaji nao huhesabiwa: kazi hii haina siku ya mapumziko, na siku moja tu ya kuachwa kwenye mkojo inatosha kuanzisha kidonda.

Kinga

Hatari hupungua kwa kumbeba sungura huku makalio yameshikiliwa, kuwafundisha watoto kukaa chini wanapomshika, kuzuia mbwa na paka wasimtishe, kumpa nafasi ya kukimbia ili mifupa iwe imara, na kumtenga kila sungura mgeni kabla ya kumchanganya na wengine.