Tusizike kompyuta zilizo hai

Katika stoo za shule zetu nyingi mna mlundo ambao kila mwalimu anaufahamu: kompyuta za rangi ya maziwa iliyokwisha kugeuka manjano, kibodi zilizofungwa kwa nyaya zake zenyewe, na vumbi juu ya yote. Ukiuliza utaambiwa zimepitwa na wakati. Neno hilo limekuwa hati ya kifo, na ajabu ni kwamba hutiwa sahihi kabla mgonjwa hajapimwa. Mara nyingi mashine ikiwashwa inawaka, na programu ya kuandikia inafunguka. Kinachoikwamisha ni kwamba haina tundu la USB, au inalo la kizazi cha kwanza, zito kama kobe. Basi kazi ya mwanafunzi ikishaingia humo haina njia ya kutoka. Disketi ya zamani ilibeba megabaiti 1.44 tu, na Sony, mmoja wa watengenezaji wake wakuu, iliacha kuiuza mwaka 2011.

Ugonjwa huo una dawa, na dawa yenyewe ilifikiriwa tangu mashine hizo zilipobuniwa. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na nafasi 8 za kadi ndani yake. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na 5, na kampuni hiyo ikachapisha michoro ya saketi zake katika kitabu cha mafundi, hata mtu baki akaweza kuunda kadi ya kuingiza humo. Kadi ni kibao chembamba chenye saketi. Ukingo mmoja una meno ya rangi ya dhahabu yanayokaa katika nafasi ya ubao mkuu. Ukingo wa pili una kibati chenye matundu, nacho hutokeza nyuma ya kasha. Kwa njia hiyo mashine hupata matundu ambayo walioiunda hawakuwahi kuyaona.

Hata hivyo, kadi si shati la mtumba ambalo hata likipwaya litavalika. Nafasi za aina ya PCI, zilizoletwa na Intel mwaka 1992, hupitisha hadi megabaiti 133 kwa sekunde. Tundu la USB la toleo la 2.0, lililotangazwa mwaka 2000, halizidi megabaiti 60, kwa hiyo linaenea humo bila taabu. Tundu la kwanza lilipitisha megabiti 12 tu kwa sekunde: sidii moja iliyojaa, yaani megabaiti 700, huchukua dakika 8 kwa uchache. Kwa kadi, kazi hiyo ni ya dakika moja au mbili. Anayetaka toleo la 3.0 atafute mashine yenye nafasi za PCI Express. Zile kongwe zaidi, zenye nafasi za ISA pekee, wapenzi wa kompyuta za kale wameziundia kadi za kusomea flashi, ila kuzipata ni shughuli.

Nayaandika haya nikiwafikiria hasa walimu wa Tana River. Wa Nairobi akikosa kifaa huvuka mtaa tu. Garsen ndipo barabara itokayo Malindi inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Lamu na mwingine Hola na Garissa. Malindi yenyewe iko zaidi ya kilomita 100. Mto ukifurika, kama ulivyofurika wakati wa El Niño ya 1997 na tena mwaka 2024, barabara hukatika na watu huhama. Shule ikisubiri maabara mpya itasubiri sana. Kadi huingia katika mfuko wa kanzu.

Isitoshe, kuitia kadi hiyo ni somo kuliko masomo mengi ya ubaoni. Mtaala wa umilisi unasifu kutenda. Basi na mwanafunzi wa Ngao au Tarasaa achomoe waya wa umeme, aguse chuma cha kasha ili umeme tuli umtoke, afungue skrubu na kuiona kwa macho ile "bodi" aliyokuwa akiichora daftarini. Akishaifunga ataona jambo la pili: chuma peke yake hakitoshi. Windows 98 haiitambui flashi mpaka ipewe draiva yake, ilhali Windows 2000 na XP huitambua zenyewe. Nafahamu kwamba wakuu wengi wa shule huogopa kukabidhi bisibisi kwa mtoto. Lakini kitakachoharibika ni kipi, ikiwa mashine ilikwisha kuhukumiwa stoo?

Faida yake si ya mchezo. Mtihani wa vitendo wa somo la Kompyuta katika KCSE umekuwa ukimtaka mtahiniwa ahifadhi majibu yake katika sidii na kuyachapisha. Kifaa cha kuandikia sidii huunganishwa kwa tundu la USB, na printa vilevile. Mashine chache zilizofufuliwa zaweza kuwatosha wanafunzi wa mazoezi, mpya zikabaki kwa mtihani. Zile za zamani zisiunganishwe na intaneti hata kidogo: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 98 mwaka 2006 na XP mwaka 2014, na flashi za mitaani zimejaa virusi.

Wapo watakaosema kwamba natetea takataka za Ulaya. Hoja yao ina uzito, nami sisemi tupokee mizigo mingine ya vikongwe. Nazungumzia zile ambazo tayari ziko mikononi mwetu. Zilizokufa kweli zipelekwe kwa wanaorejeleza vifaa vya elektroniki, zisichomwe kando ya mto, kwani vioo vya skrini zile nzito vina madini ya risasi. Skrini hizo pia zisifunguliwe na mwanafunzi wala mwalimu, hata zikiwa zimezimwa tangu jana: umeme hubaki ndani yake.