Kadi Pacha Zenye Tabia Mbalimbali

Mtu aliyejiundia kompyuta nyumbani, kwa kununua kipande kimoja kimoja, hujawa na furaha siku anapoiwasha. Lakini furaha hiyo huingia dosari iwapo kadi ya kunasia intaneti bila waya, aliyoinunua kando, itakaa kimya kama jiwe.

Ndugu msomaji, tutazame kadi mbili za kampuni ya Intel, AX200 na AX201. Kwa sura ni pacha, na huingia katika tundu la namna moja. Hata hivyo, AX200 ni kadi kamili, nayo hufanya kazi katika kompyuta za Intel na za AMD pia. AX201 ni nusu tu. Nusu ya pili ya kazi yake hufanywa na ubao mkuu wenye mfumo wa Intel uitwao CNVi. Ukiipachika katika ubao wa AMD haitambuliki kamwe, hata ukibadili programu mara mia.

Kadi iliyo sahihi nayo huhitaji programu ya kuiendesha. Kwa watumiaji wa Linux, AX200 ilianza kutambuliwa katika toleo la 5.1 la mwaka 2019. Matoleo ya kabla yake hayaijui. Tena zipo nyaya mbili nyembamba za antena. Zisipobanwa barabara, mawimbi hunaswa kwa shida.

Basi kabla ya kutoa fedha ya nyumba, lijue kwanza jina la ubao wako, ndipo uulize jina la kadi. Haraka haraka haina baraka.