Kusoma muziki ukiwa mtu mzima

Hapa kwetu Masereka, hata Butembo na Beni, waimbaji wengi wa korali wanashika nyimbo kwa masikio tu. Mwongozaji akikimbia vita, nyimbo zake zinaondoka naye, maana hakuna aliyeziandika. Ndiyo maana tunaulizwa: mtu wa miaka 40, mwenye shamba na watoto, anaweza bado kusoma muziki?

Anaweza. Aanze na solfa, ile ya kuandika sauti kwa herufi d, r, m. John Curwen, mchungaji Mwingereza, aliieneza katika karne ya 19 akitafuta njia nyepesi ya kufundisha kuimba katika shule ya Jumapili. Inatosha daftari na kalamu: sauti ya kwanza juu, besi chini, zote nne kwenye ukurasa mmoja. Sisi tungeanza hapo kabla ya kuchanga pesa za kinanda.

Anayetaka cheti kuna mitihani ya ABRSM ya London, ngazi 1 mpaka 8, isiyo na kikomo cha umri. Nadharia ya ngazi 1 mpaka 5 inafanywa kwa intaneti, lakini Kiingereza kinahitajika.

Kwa digrii, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, cha Walutheri, karibu na Arusha. Kwa Kifaransa, iko Institut National des Arts, Kinshasa. Kote ni kuacha nyumba miaka kadhaa. Kanisa linalotaka kumtuma mtu lizungumze kwanza na mke wake, au mume wake, nani atalima.