Deni la HELB: Kufuta Mkopo au Kufuta Faini? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona mikopo ya wanafunzi ilivyoanza mwaka 1974, na sheria ya 1995 ilivyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Leo tuingie kwenye swali linalozua ubishi kuanzia Kwa Vonza, kilipo chuo kikuu cha SEKU, hadi Wote: je, ni haki kuwafutia wahitimu madeni?

Tushike kalamu tupige hesabu. Mhitimu wa Mutomo aliyekopa shilingi 150,000 hutozwa riba ya asilimia 4, yaani kama shilingi 6,000 kwa mwaka. Hiyo inabebeka. Lakini muda wa kuanza kulipa ukifika naye hana kitu, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 60,000, mara kumi ya riba! Ndani ya miezi 30 faini imelingana na mkopo wenyewe, na kijana bado anasubiri mvua ya Novemba apande ndengu. Akiitwa kazi serikalini, anatakiwa kuleta cheti cha HELB. Atakitoa wapi?

Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliiwekea HELB mpaka: riba na faini haziwezi kurundikana hadi kuzidi deni la msingi. Bodi nayo imewahi kusamehe faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo. Msamaha huo naushuku. Mwenye mkupuo ni nani, kama si aliyekwisha kupata kazi, au mwenye mjomba Nairobi?

Kufuta mkopo wenyewe ni jambo jingine. Fedha za HELB huzunguka. Anachokatwa mwalimu wa Kibwezi kwenye mshahara humkopesha mwanafunzi anayekuja nyuma yake. Pengo likitokea, serikali italiziba kwa kodi, na kodi hiyo hulipwa pia na bodaboda wa Emali asiyewahi kukanyaga chuo, kila anunuapo kredo ya simu. Marekani nako Rais Biden alitaka kufuta hadi dola 10,000 kwa wakopaji wengi. Mahakama ya Juu ikamzuia Juni 2023, majaji 6 kwa 3.

Mimi ningeacha mkopo na riba vilipwe, ila faini imwangukie mwenye mshahara anayekwepa tu. Asiye na kazi hata faini ya mwezi mmoja asitozwe.

Juma lijalo: mfumo wa ufadhili wa 2023, na kwa nini Mahakama Kuu iliukataa Desemba 2024.